Kwa nini kioo cha simu husuguliwa kwa ndani?

Msikilizaji, ndani ya kioo cha simu nyingi za bei nafuu kuna fuwele kimiminika. Hiki ni kitu kinachotiririka kama mafuta, lakini molekuli zake ni ndefu kama vijiti na hulala zikielekea upande mmoja. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea wa Austria, ndiye aliyeeleza tabia yake ya ajabu mwaka 1888.

Vijiti hivyo hujuaje vielekee wapi? Kiwandani, bapa mbili za kioo hupakwa kwa ndani utando wa plastiki iitwayo poliimidi. Utando husuguliwa kwa kitambaa laini kama mahameli, kuelekea upande mmoja. Molekuli zinazougusa hulala kufuata msuguo huo, na zilizo mbali nao hufuata jirani zao. Umeme ukiwashwa hugeuka, zikapitisha au kuzuia mwanga.

Ipo aina nyingine, ya feroelektriki, iliyotambuliwa mwaka 1975 na Robert Meyer na wenzake. Molekuli zake hujipanga kwa matabaka, zikiwa zimeinama, na mwelekeo wake huzunguka kutoka tabaka moja hadi jingine kama uzi wa parafujo. Mwaka 1980, Noel Clark na Sven Lagerwall walionyesha kwamba bapa zikisogezwa hadi nafasi ya sehemu moja au mbili kati ya elfu za milimita, nguvu ya uso wa bapa huuondoa mzunguko huo. Zinabaki namna mbili tu za kulala. Umeme huzihamisha upesi mno, na hata ukizimwa, zinaweza kubaki zilivyo bila kula betri.

Mbona basi simu zetu hazitumii aina hii? Ukibonyeza kioo cha kawaida, rangi huvurugika, kisha hutulia ukiondoa kidole. Matabaka ya feroelektriki yakivurugwa kwa kubonyezwa au kuangushwa, mara nyingi hayarudi yenyewe. Uso usipotayarishwa vyema, mistari ya zigizaga huharibu picha. Kwa hiyo yametumika zaidi katika vioo vidogo vilivyokingwa, kama vile vya kuchungulia picha ndani ya kamera.

Simu yako ikianguka na doa jeusi likaanza kuenea chini ya kioo, usihangaike kulifuta kwa nje. Kimiminika kimevuja na mpangilio umeharibika kwa ndani. Dawa yake ni kubadilisha kioo hicho.