Projekti 3 za Sayansi Ambazo Mtoi Anaweza Kutengeneza na Vitu za Keja

Ni Jumapili, saa tatu usiku. Mtoi ndio anakumbuka: "Mathe, mwalimu amesema kesho tubebe projekti." Mzae anatoa doo, mathe anakesha na gundi, mtoi amelala fofofo. Tangu CBC ianze rasmi Gredi 1 hadi 3 mwaka wa 2019, hii ni stori ya kila ploti. Noma ni kwamba anayesoma sayansi ni mathe!

Hizi tatu, wachia mtoi. Kazi yako ni kushika kisu tu.

1. Volkano ya magadi
Chukua chupa ndogo, izungushie udongo iwe kama mlima. Weka vijiko 2 vya magadi ya kupikia, kisha mwaga maji ya ndimu. Povu litapanda hadi nje. Asidi ya ndimu ikikutana na magadi, gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka, ile ile iko kwa soda.

2. Betri ya ndimu
Tafuta ndimu 4, misumari 4 ya mabati, vipande 4 vya waya wa shaba na kataa kadogo ka tochi mbovu (LED). Kila ndimu idunge msumari upande mmoja na shaba upande mwingine, visigusane. Unga shaba ya ndimu ya kwanza na msumari wa ya pili, hivyo hivyo hadi ya nne. Utabaki na msumari mmoja na shaba moja. Mguu mrefu wa taa uende kwa shaba, mfupi kwa msumari. Zima stima uone. Kila ndimu inatoa karibu volti 0.9, lakini mkondo wa umeme ni mdogo sana, kwa hivyo mwanga ni hafifu. Siri ni zinki iliyopakwa msumari. Hizo ndimu usizitumie kwa chai, tupa. Na mtoi ajue soketi ya ukuta si ya kuchezea.

3. Gari la baluni
Chupa ya plastiki ndio bodi, vifuniko 4 ndio magurudumu, vijiti vya mishikaki vinapita ndani ya mirija iliyobandikwa chini. Funga baluni kwa mrija mwingine juu, mdomo wake uangalie nyuma. Puliza, achilia. Hewa inasukumwa nyuma, gari linaenda mbele. Hiyo ni sheria ya tatu ya Newton.

Sasa, taa ikikataa kuwaka ama gari likwame, usikimbie kurekebisha. Muulize, "Unadhani shida iko wapi?" Halafu nyamaza. Hapo ndio sayansi inaanza.

Mimi college ilinishinda katikati, lakini redio mbovu niliyofungua nikiwa darasa la tano naikumbuka kuliko lekcha yoyote. Hakuna mtu alinisaidia. Haikuwahi kuongea tena, lakini nilijua sauti hutoka wapi.