Usinifanye Kama Babu Yako

Picha iliyobebwa mbele ya jeneza la babu ilikuwa na shati jeupe, kola iliyopigwa pasi vizuri, na meno. Uso haukuwemo. Mahali pa uso palikuwa na doa jeusi lenye macho mawili, na wageni waliotoka mbali waliinama kuitazama, kisha wakaulizana kwa sauti ya chini kama kweli ndiye. Ilipigwa mwaka 1984. Picha ya rangi, jambo la fahari kwa wakati ule. Bado imetundikwa sebuleni kwa bibi, Morogoro.

Kwa hiyo nilipofika na kamera mpya, ya kidijitali, ya kitaalamu, iliyokula akiba yangu ya miaka mitatu, bibi hakuuliza bei. Alisema: "Nipige picha ya kuwekea, mjukuu wangu, nikiwa bado najijua. Na usinifanye kama babu yako."

Nilimkalisha barazani, kwenye ukuta mweupe, akiwa na mtandio mweupe. Nikapiga kumi na mbili. Kamera ilifanya kila kitu yenyewe: ililitafuta jicho lake na kulishikilia, ikachagua kasi, ikapima mwanga. Nilipotazama kwenye kioo nikaona ukuta wa kijivu, mtandio wa kijivu, na doa jeusi lenye macho mawili.

Nilimwambia betri imeisha.

Usiku ule nilianza kusoma, si mwongozo wa kamera tu. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote pamoja, ni kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Kikikuta weupe mwingi kinadhani mwanga umezidi, basi kinapunguza. Ukuta unakuwa kijivu, na mtu mweusi aliyekaa mbele yake anazama. Kamera za leo zina akili zaidi ya hapo, lakini yangu, mbele ya ukuta ule, ilirudi kwenye mazoea ya zamani.

Na kuna mazoea ya zamani zaidi. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kusawazishia rangi. Juu yake alikuwepo mwanamke mweupe, na kadi ikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyepigwa picha za mwanzo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Msomi wa Kanada, Lorna Roth, aliyeichunguza habari hii, aliambiwa na watu wa Kodak wenyewe kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani pichani. Hapo niliweka simu chini kidogo. Babu angeweza kuonekana mapema kama angekuwa kabati.

Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Wakati huo mambo mengine yalishaanza. Mwaka 1975, humo humo Kodak, mhandisi kijana Steven Sasson aliunda kamera ya kidijitali yenye uzito wa karibu kilo 3.6. Ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye kanda ya kaseti, picha ya megapikseli 0.01. Mwenzake, Bryce Bayer, alipata hataza mwaka 1976 ya kichujio cha vijiraba vya kijani, nyekundu na bluu, kijani kikiwa mara mbili ya kila rangi nyingine. Kamera yangu haikutengenezwa na Kodak, lakini kichujio kilicho juu ya kihisi chake, kile kibamba kinachokaa mahali pa filamu, kinafuata mpango huo wa Bayer.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio karibu na soko.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu. Naona umenunua bunduki."

Aliigeuzageuza, akaipima uzito mkononi, akanirudishia. Nyeusi na nyeupe, alisema, alikuwa akisafisha mwenyewe gizani. Uso ukitoka mzito, wakati wa kuchapa aliukinga na mwanga kwa kiganja, akihesabu kimoyomoyo, mpaka mashavu yakatokea. Ilipokuja rangi, filamu zilipelekwa Dar na kurudi kwenye bahasha. "Mashine ndiyo iliamua. Mimi nilibaki kulaumiwa." Kisha akanipa kanuni yake: mtu mweusi kwenye ukuta mweupe, mfungulie stopu moja, hata na nusu.

Nikarudi barazani nikamtii. Uso wa bibi ulitokea, kweli, lakini mtandio uliungua. Kioo kilikuwa kikiwakawaka palipoungua, na nilipojaribu kurudisha weupe kwenye kompyuta hapakuwa na uzi hata mmoja wa kitambaa. Kanuni ya mzee ilikuwa ya filamu ya negativu, inayovumilia mwanga mwingi na kupoteza vilivyo gizani. Kihisi changu ni kinyume: gizani kinaficha mengi unayoweza kuyavuta baadaye, lakini kilichoungua kimekwenda. Nusu ya kuizoea kamera hii ilikuwa kusahau nilichojifunza kwa watu wa filamu, na nilichukia kumsahau yule mzee siku ileile aliyonisaidia.

Alichokifanya kwa kiganja ndicho nilichokichukua: kuuhudumia uso kwanza. Nikamhamisha bibi ndani, hatua mbili kutoka mlangoni, mwanga ukimjia ubavuni. Nikamwomba avue mtandio mweupe, akajifunga kanga ya rangi ya udongo. Nikapima shavu peke yake. Hapo kipimo kikakosea upande wa pili, kikataka shavu lake nalo liwe kijivu, kama limepakwa majivu. Nikapunguza theluthi mbili ya stopu. Nikapiga katika faili ghafi, sita tu.

Bibi alivaa miwani, akakishika kioo cha kamera karibu na pua. Alikaa kimya mpaka nikaanza kutafuta uongo mwingine wa betri.

"Huyu ni mimi," alisema. Akakisogeza mbali, akakirudisha. "Lakini mbona umenizeesha?"