Wanawake, kazi na uzee: Meru na Embu

Katika kaunti za Meru na Embu, kipato cha mwanamke uzeeni hutegemea jina lililoandikwa kwenye hati ya shamba kuliko miaka aliyolima shamba hilo. Sehemu hizi zilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930. Ardhi ilipoandikishwa chini ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa kilimo wa serikali ya kikoloni, mwenye hati kwa kawaida alikuwa mume. Uanachama wa ushirika wa kahawa ukafuata hati, na namba ya mkulima wa chai vivyo hivyo.

Kwenye chai matokeo ya utaratibu huu yanaonekana waziwazi. Mke huamkia shambani kuchuma majani mawili na chipukizi, akabeba kikapu mgongoni hadi kituo cha kununulia, akapanga foleni ya mizani. Kilo zake huandikwa kwenye namba ya mume, na malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka huingia kwenye akaunti ya mume. Miraa ya Igembe na Tigania, huko Meru, nayo ni mali ya wanaume kwa mila. Hata mishiri (maharagwe mabichi), iliyoanzia kwenye vishamba vya mboga vya wanawake, ilipata wamiliki wapya soko la Ulaya lilipofunguka: mtafiti Catherine Dolan, aliyechunguza Imenti ya Kati, Meru, miaka ya 1990, alikuta wanawake wakifanya 72% ya kazi na kupata 38% ya mapato.

Akiba rasmi ya uzeeni nayo haiwafikii: Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii (NSSF), iliyoundwa mwaka 1965, ilijengwa juu ya makato ya mshahara. Mwalimu hustaafu akiwa na miaka 60 na pensheni yake. Mke wa mkulima hana siku ya kustaafu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii, uliopanuliwa mwaka 2018 kuwafikia wenye miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kabla ya kufikia umri huo, wengi hutegemea watoto na chama cha akiba.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kazi za nyumbani, malezi na kazi ya shamba kuwa mchango katika mali. Hata hivyo, mgawanyo hufanywa ndoa inapovunjika. Anayezeeka pamoja na mumewe hubaki akilima ardhi isiyo na jina lake.