Mfalme Mwenye Majina Mawili

Juu ya lango la Ngome ya Yesu, Mombasa, pana jiwe lenye maandishi ya Kireno yautajayo mwaka 1635. Jiwe hilo lamsifu kapiteni Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuijenga upya ngome na kuwatiisha tena watu wa pwani. Halisemi kwa nini ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593 tu ilihitaji kujengwa upya upesi hivyo. Niwapelekapo huko wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu, hilo ndilo swali niwaulizalo kwanza. Jibu lake ni habari ya mtu mmoja, aliyezaliwa Yusuf bin Hasan, akabatizwa Dom Jerónimo Chingulia.

Baba yake, Sultani Hasan, alikuwa wa ukoo wa Malindi, uliofanya urafiki na Wareno tangu Vasco da Gama alipotia nanga huko mwaka 1498. Wareno walipoishika Mvita, waliwapa watu wa ukoo huo ufalme wake. Lakini urafiki wa mwenye mizinga na asiye nayo haudumu. Makapiteni wa ngome waligombana na Hasan juu ya mapato ya forodha na utawala wa Pemba, hata akakimbilia bara. Huko aliuawa na watu waliohongwa na Wareno, na kichwa chake kikapelekwa Goa, katika Bara Hindi.

Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, naye alipelekwa Goa. Fikirini jambo hilo, wasomaji: mtoto yatima alelewa katika mji uleule kilikopelekwa kichwa cha babaye, na walio wa taifa lililomwua. Mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino walimfundisha kusoma, kuandika na kusali. Alibatizwa, akajifunza ubaharia na kupiga mizinga katika merikebu za Kireno, akaoa mke Mkristo. Sina sababu ya kudhani kwamba mapadri hao hawakumpenda. Lakini alipotiwa maji ya ubatizo, hakuwa katika hali ya kuweza kukataa.

Alirudi Mvita mwaka 1626 akiwa mfalme Mkristo wa raia Waislamu. Alimpelekea Papa barua ya utii. Raia wake walimwona kuwa mgeni, na Wareno wa ngomeni hawakumpa heshima ya mfalme. Kapiteni Pedro Leitão de Gamboa alimdharau waziwazi. Hatimaye mtu mmoja akapeleka habari ngomeni kwamba mfalme ameonekana usiku kwenye kaburi la baba yake, akisali kwa desturi ya Kiislamu. Kwa mtu aliyebatizwa, tendo hilo lilikuwa kosa la kupelekwa Goa kuhukumiwa.

Yusuf hakungoja kukamatwa. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, aliingia ngomeni na watu wake kama aendaye kumwamkia kapiteni, akamchoma kwa jambia. Akajitangaza kuwa Mwislamu, akashika tena jina la Yusuf. Wakristo wa mjini walitakiwa kuchagua kati ya Uislamu na kifo. Wareno wapatao 150 waliuawa, wanaume, wanawake na watoto, na pamoja nao Waafrika wengi waliobatizwa, hata jamaa yake mwenyewe aliyekataa kuiacha imani yake.

Hapa wanafunzi wangu hugawanyika. Wengine humwita shujaa, wengine muuaji. Mimi huwaomba watazame kwanza maneno. Wareno walisema ameasi. Watu wa Mvita walisema amerejea. Na neno letu la kusilimu halimfai sawasawa, kwa kuwa alizaliwa katika Uislamu. Kwamba moyo wake ulivutwa kaburini kwa babaye, naamini. Kwamba alitaka pia kulipa kisasi na kuwa mfalme kweli, hapana shaka. Lakini yule aliyechaguliwa dini angali mtoto aliwachagulia wengine dini kwa upanga, na waliokufa siku zile hawakuwa wote maadui zake. Watoto hawakumtenda neno.

Tena, karibu yote tuyajuayo juu ya siku hizo yatoka katika ushahidi uliotolewa Goa baada ya mauaji, katika uchunguzi wa kanisa uliotaka kujua kama waliouawa walikufa kwa ajili ya imani. Mashahidi waliulizwa juu ya waliokufa. Yusuf mwenyewe hakuwapo kuulizwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1632 jeshi kutoka Goa liliizingira ngome, likashindwa, likaondoka. Hata hivyo Yusuf alijua kwamba wangerudi. Aliibomoa ngome kadiri alivyoweza, akatweka tanga katika merikebu aliyowateka Wareno, akaishi miaka iliyobaki kama haramia, akiwawinda Wareno baharini. Wareno walirejea Mvita bila kupigana. Yusuf alifariki mwaka 1638 katika Bahari ya Sham, mikononi mwa maharamia wa Kiarabu, mbali na kaburi la baba yake.