Mbegu ya Malenge, Pakiti ya Tambi

Desemba iliyopita nilimpikia susu tambi. Nilikata boga moja kutoka shambani kwake, huku Makueni, vipande nikavipaka mafuta, chumvi na kitunguu saumu, nikavichoma juu ya makaa hadi vikaiva na kuungua kidogo pembeni. Nikaviponda, nikachanganya na tambi zikiwa bado moto. Susu alikula, akanyamaza, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hizi tambi mbegu yake iko wapi?"

Nilicheka. Lakini ukilifuata swali hilo, linakupeleka mbali.

Wengi Ukambani watakuambia malenge ni chakula chetu cha asili. Wapi! Kibuyu, kile kinachotupa kitete cha kunywea uji, ndicho cha Afrika tangu zama. Malenge asili yake ni Amerika, sawa na mahindi na maharagwe, na yalianza kuja pande zetu baada ya Wareno kufika Afrika Mashariki mwaka 1498. Yaani hata isyo ya jioni, mahindi na maharagwe ndani ya sufuria moja, ni wageni wawili waliokutana. Walipandwa, mbegu zikawekwa, zikapandwa tena, hadi leo hakuna anayewaita wageni.

Tambi nazo zina historia yake hapa Kenya. Pwani hupikwa kwa sukari na nazi, hasa Ramadhani. Lakini tambi ni ngano, na ngano si zao la ardhi kavu ya Kitui na Makueni. Huku kwetu unga wake una kumbukumbu nyingine. Njaa ya 1961 iliitwa Ndeke, kwa sababu ndege zilidondosha chakula. Ile ya 1965 ikaitwa Atta, jina la unga wa msaada. Halafu 1984 ikaja Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nimeshika: pesa ziko mkononi, lakini chakula cha kununua hakuna.

Susu alikuwa na watoto wadogo mwaka huo. Hadanganyi kwamba malenge yaliwaokoa. Mvua ikikosa, nayo hukauka. Ila boga lenye ganda gumu hukaa ghalani miezi, majani yake ni mboga, na mvua ya Oktoba ikirudi, mwenye mbegu haendi dukani kuomba. Ndiyo maana aliuliza alichouliza. Chakula kigeni huwa chetu siku tunapoweza kukipanda wenyewe.

Nilipokuwa naosha vyombo nikamkuta ameinama kwenye ndoo ya maganda. Alikuwa akiokota mbegu nilizotupa. Aliziosha, akazianika kwenye ungo, bila kunilaumu.

Na tambi? Alimaliza sahani yake. Akasema nikija tena nilete pakiti mbili, malenge yapo.