Changuu: Pwani ya Abiria Waliozuiwa

Meli ya kitalii ikitia nanga Unguja, abiria wake wana saa chache tu mkononi, na wengi huniomba jambo moja: pwani tulivu, mbali na watu. Huwachukua ufukweni karibu na Forodhani, tukapanda boti ya mbao yenye turubai, nahodha akawasha mashine, na nusu saa haijesha tumefika kisiwa cha Changuu. Maji ni ya kijani karibu na mchanga, bluu nzito mbele kidogo. Kisiwa chenyewe ni kidogo mno, urefu wake kama mita 800, na mchanga mzuri uko upande mmoja tu. Kwingine ni majabali makali ya matumbawe.

Upweke huo wanaoufurahia ndio uliofanya Changuu ichaguliwe, na waliouonja kabla yao ni abiria wa meli vilevile. Wao hawakuuomba.

Vitabu vya watalii hukiita kisiwa cha gereza, na wageni hushuka wakitafuta minyororo. Minyororo ilikuwapo, lakini ni ya zamani zaidi ya gereza: wamiliki wa mwanzo walikuwa wakiwafungia humo watumwa waliohesabiwa wakaidi, kabla ya kuwauza ng'ambo. Mwaka 1893 Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikinunua kisiwa ili kijengwe gereza. Jengo likakamilika mwaka uliofuata. Halikulaza mfungwa hata mmoja.

Kilichokuja badala yake ni karantini. Tauni iliyozuka Bombay mwaka 1896 ilitia hofu bandari zote za Bahari ya Hindi, na Unguja ilikuwa na sababu ya kuogopa kuliko nyingi, maana meli za Bombay zilikuwa zikija hapa moja kwa moja na mji wetu una vichochoro vya watu kubanana ukuta kwa ukuta. Homa ya manjano nayo iliogopwa. Basi abiria walioshukiwa hawakuteremshwa mjini. Walipelekwa Changuu, wakachunguzwa kwa wiki moja hadi mbili, ndipo wakaruhusiwa kuendelea na safari. Pilikapilika zilikuwa kubwa kuanzia Disemba hadi Machi, miezi ya kaskazi.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo. Mji unaonekana kutoka Changuu. Mtu aliyetoka Bombay kufuata duka la mjomba wake, au mke aliyemfuata mumewe, aliweza kuziona nyumba nyeupe za Shangani mchana na taa zake usiku. Nguo zake zimo sandukuni, jamaa zake wako ng'ambo ya maji, na kila asubuhi anakuja mtu kumtazama kama ana homa. Sisemi karantini ilikuwa uonevu. Tauni iliua, na mji ulikuwa na haki ya kujikinga. Lakini kungoja kule kulikuwa na uzito, na ni haki ya waliongoja kwamba tuwataje.

Miezi mingine kisiwa kilibaki kitupu, na hapo Wazungu waliokaa Unguja walikwenda kupumzika, kuogelea na kupunga upepo. Mchanga ule ule. Kwa hiyo utalii wa Changuu si jambo la juzi. Ulianza karantini ikiwa ingalipo.

Makobe wakubwa wa kisiwani nao walikuja kwa bahari. Mwaka 1919 gavana wa Ushelisheli alituma wanne kutoka Aldabra. Wakazaana hadi wakafika kama 200 katikati ya miaka ya 1950, kisha wizi ukawapukutisha. Mwaka 1996 walibaki 7. Inaniuma hadi leo kwamba mnyama asiyeweza kukimbia aliibwa hivyo. Leo wanalindwa ndani ya ua, na umri wa wakubwa umeandikwa kwa rangi mgongoni. Mpe kobe jani la mchicha: hunyoosha shingo yenye makunyanzi, hulikata polepole, kisha husubiri jingine. Mkune shingoni naye huinuka kwa miguu yote minne.

Wageni wengi wangeridhika na makobe na kuogelea. Mimi huwapitisha kwanza kwenye kuta za majengo ya zamani, wakaguse mawe ya matumbawe na chokaa, wasikie habari za abiria wenzao. Baadhi hunyamaza. Wengine huuliza chakula kilitoka wapi, watoto walifanya nini, nani aliyezikwa. Nusu saa ni ya majengo na nusu nyingine ya makobe. Muda unaobaki wote ni wa maji, mpaka nahodha aite.