Siku Arobaini Huhesabiwa na Nani?

Kila mhalifu anapokamatwa, sisi Waswahili huwa na methali mbili mdomoni: siku za mwizi ni arobaini, na ndege mjanja hunaswa na tundu bovu. Zote mbili zinatuliza moyo. Zinatuahidi kwamba mtu mwovu, hata awe mwerevu namna gani, siku moja atateleza, na kosa lake dogo litamtoa hadharani.

Sisi tunaosoma hapa Uingereza tunaishi karibu na mahali ambapo methali hizi zilijaribiwa. Tunapanda treni Paddington, tuna jamaa Hackney, na Agosti tunakwenda Notting Hill kuangalia kanivali. Katika makala haya tunapitia kesi tano za mauaji za nchi hii, kuanzia mwaka 1845 hadi 2000. Katika kila kesi muuaji alifanya kosa la uzembe. Swali letu ni hili: je, kosa hilo ndilo lililomkamatisha, au ni mtu aliyeliona na akasikilizwa?

Koti la kahawia

Tarehe 1 Januari 1845, John Tawell alikwenda Salt Hill, karibu na mji wa Slough, kumtembelea Sarah Hart. Mwanamke huyu alikuwa amezaa naye watoto wawili, na Tawell, ambaye alikuwa na mke wa ndoa, alikuwa akimpa fedha za matumizi kwa siri. Ujanani Tawell alihukumiwa kwa kughushi akapelekwa Australia kama mfungwa. Huko Sydney akatajirika kwa biashara ya dawa, kwa hiyo sumu alizijua. Siku hiyo alimtilia Sarah sianidi katika kinywaji, kisha akaharakisha kwenda stesheni.

Hesabu yake ilikuwa nzuri. Katika mwaka ule hapakuwa na chombo cha usafiri kilichoishinda treni. Mtu akishafika London amekwisha kupotea katika umati. Lakini kando ya reli ile palikuwa pamewekwa waya za telegrafu, na Tawell hakuzitia akilini. Jirani wa Sarah alisikia kilio, akatoka na mshumaa, akamwona Tawell akiondoka. Kasisi wa eneo lile akamfuata hadi stesheni, akamkuta tayari yumo ndani ya treni. Treni ikaondoka, lakini ujumbe ukatangulia.

Kosa la Tawell lilikuwa mavazi yake. Alipenda kuvaa kama watu wa madhehebu ya Quaker, wale ambao huko Magharibi mwa Kenya tunawajua kwa jina la Marafiki, ili aonekane mcha Mungu. Nguo hizo na koti lake refu la kahawia zikawa anwani yake. Mashine ya telegrafu ya wakati ule haikuwa na herufi Q, basi karani wa Slough akaandika KWAKER. Karani wa Paddington alihangaika kulielewa neno hilo mpaka likarudiwa. Mswahili angelisoma mara ya kwanza bila taabu! Mwishowe lilieleweka, askari wa reli akamfuata Tawell kimyakimya, na kesho yake akakamatwa. Alinyongwa Aylesbury mwezi Machi mwaka huohuo.

Kofia iliyobadilishwa

Usiku wa tarehe 9 Julai 1864, Thomas Briggs, ofisa wa benki mwenye umri wa miaka 69, alipanda treni ya North London Railway kurudi kwake Hackney. Mabehewa ya siku hizo yaligawanywa vyumba visivyo na ujia wa kupitia, wala abiria hakuwa na njia ya kumwita dereva. Ukifungiwa na mtu mbaya, ndiyo basi mpaka stesheni inayofuata. Briggs alipigwa, akaporwa saa na mkufu wa dhahabu, akatupwa relini. Alifariki kutokana na majeraha hayo. Hayo yalikuwa mauaji ya kwanza ndani ya treni katika nchi hii, na watu waliingiwa na hofu kubwa.

Katika chumba kile chenye damu polisi walikuta kofia. Haikuwa ya Briggs. Muuaji, kwa haraka yake, alikuwa amechukua kofia ya marehemu akaacha yake.

Siku mbili baadaye kijana mmoja alibadilisha mkufu wa Briggs kwa sonara wa mtaa wa Cheapside. Sonara huyo aliitwa John Death, yaani Mauti kwa Kiswahili, na jina hilo liliandikwa juu ya vikasha vya duka lake. Kijana yule, Franz Müller, fundi cherehani kutoka Ujerumani, alimpa mtoto wa rafiki yake kikasha hicho achezee. Baba wa mtoto, Jonathan Matthews, alikuwa mwendesha gari la farasi. Aliposikia habari za mauaji na jina la sonara, akakumbuka kile kikasha. Akakumbuka pia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemnunulia Müller kofia iliyoachwa kwenye treni. Matthews alivutwa pia na zawadi iliyotangazwa, tusimfanye malaika. Lakini alikwenda polisi, na polisi wakamsikiliza.

Wakati huo Müller alikuwa baharini akielekea New York kwa merikebu ya matanga. Inspekta Richard Tanner alipanda meli ya mvuke pamoja na sonara na Matthews, wakafika karibu wiki tatu kabla yake, wakamngoja. Müller aliposhuka alikutwa na saa ya Briggs, na kofia ya Briggs aliyoipunguza kimo na kuishona kwa mkono wake wa ufundi. Alinyongwa Newgate tarehe 14 Novemba 1864. Mwaka 1868 sheria ikazilazimisha kampuni za reli kuweka njia ya abiria kuomba msaada safarini. Kengele za dharura tunazoziona kwenye treni leo zina asili yake katika damu ya mzee Briggs.

Dole gumba

Kesi ya tatu ni fupi. Machi 1905 mzee Thomas Farrow na mkewe Ann waliuawa katika duka la rangi huko Deptford. Kwenye kasha la fedha lililokuwa tupu palikutwa alama ya dole gumba. Askari mmoja naye alikuwa ameligusa kasha hilo alipolisogeza, ikabidi alama zake zilinganishwe kwanza ili aondolewe kwenye hesabu. Alama ile ilikuwa ya Alfred Stratton. Yeye na nduguye Albert walinyongwa mwezi Mei, wa kwanza katika Uingereza kuhukumiwa kwa mauaji kwa ushahidi wa alama za vidole.

Elimu hiyo haikuzaliwa London. Mfumo wa kupanga alama za vidole uliotumiwa na Scotland Yard kuanzia 1901 ulitengenezwa Bengal, na kazi kubwa ilifanywa na Wahindi wawili, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, ingawa mfumo ulipewa jina la bosi wao, Edward Henry. Nasi Afrika Mashariki tuliuonja. Katika Kenya, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake, akikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Ujuzi uliotumika Deptford kumtafuta mhalifu mmoja, Kenya ulitumika kuwahesabu watu wasio na hatia kana kwamba wote ni wahalifu. Kuhesabu peke yake si haki. Inategemea anayehesabu anatafuta nini.

Mfupa katika ua

Hapa ndipo methali zetu zinapoanza kutetereka.

Novemba 1949, Timothy Evans, dereva wa miaka 25 asiyejua kusoma vizuri, alikwenda polisi kueleza kwamba mkewe amefariki. Maelezo yake yalibadilikabadilika. Polisi walipopekua nyumba aliyopanga, namba 10 Rillington Place, Notting Hill, walikuta mkewe Beryl na mtoto wao Geraldine wamenyongwa na kufichwa katika kibanda cha kufulia. Evans alishtakiwa. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa jirani wa chini, John Christie, mtu mpole wa maneno, aliyewahi kuwa askari wa akiba wakati wa vita.

Christie alikuwa muuaji. Wanawake wawili aliowaua 1943 na 1944 walikuwa wamezikwa katika bustani ileile ndogo, na mfupa wa paja wa mmoja wao ulikuwa umesimamishwa wazi kutegemeza ua wa mbao. Huwezi kupata kosa la uzembe kubwa kuliko hilo. Polisi walipita hapo wasiuone, kwa sababu walikwisha kumpata mtu wao. Tarehe 9 Machi 1950 Evans akanyongwa. Mtego wa panya ulimnasa asiyekuwamo.

Miaka mitatu baadaye Christie alihama akiacha maiti tatu nyuma ya karatasi ya ukutani jikoni, na maiti ya mkewe chini ya sakafu. Aliyezigundua si mpelelezi. Ni mpangaji wa juu, Beresford Brown, mhamiaji kutoka Karibi, aliyekuwa akitafuta mahali pa kufunga kishikio cha redio yake. Aligonga ukuta, akasikia uwazi, akabandua karatasi, akamulika kwa tochi. Christie alinyongwa Julai 1953. Evans alisamehewa rasmi mwaka 1966, miaka 16 baada ya kufa. Kesi yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizowafanya Waingereza waachane na kitanzi.

Wasia wa taipureta

Kesi ya mwisho wazazi wetu wanaikumbuka. Harold Shipman alikuwa daktari wa mtaa huko Hyde, karibu na Manchester. Wagonjwa walimpenda. Juni 1998 alifariki ghafla mama mmoja wa miaka 81 aliyewahi kuwa meya wa mji huo, na ukatokea wasia unaompa daktari urithi wote. Binti wa marehemu alikuwa wakili, na wasia wa kweli wa mama yake alikuwa nao yeye. Akautazama huu mpya: umepigwa taipureta vibaya, na maneno yake si ya mama. Akaenda polisi. Taipureta ilikuwa ya Shipman. Kwenye kompyuta yake alikuwa ameongeza habari za magonjwa ya uongo katika faili za waliokufa, asijue kwamba mashine inaandika siku na saa ya kila badiliko.

Makosa ya kitoto hayo. Lakini uchunguzi wa serikali ulioongozwa na Jaji Janet Smith ulikuta kwamba Shipman aliwaua watu 215 kuanzia mwaka 1975. Je, muda wote huo hakuna aliyeona? Waliona. Wenye duka la mazishi waliona kwamba wagonjwa wake wanakufa kwa wingi, wengi wakiwa wameketi kitini na nguo zao. Machi 1998 daktari wa zahanati ya jirani alipeleka taarifa. Polisi wakapeleleza kijuujuu, hata hawakuangalia kama Shipman amewahi kushtakiwa, ilhali mwaka 1976 alihukumiwa kwa kughushi maagizo ya dawa. Faili likafungwa mwezi Aprili. Baada ya hapo akaua watu watatu zaidi. Palikuwa pia na dereva wa teksi aliyekuwa akiorodhesha majina ya abiria wake wazee waliofariki mikononi mwa daktari huyo. Dereva yule alikuwa akizihesabu siku arobaini kwelikweli, ila alihofu: nani atamwamini dereva wa teksi dhidi ya daktari?

Tofauti iko wapi?

Tukizipanga kesi hizi tano pamoja, tunaona kwamba makosa ya wauaji hayakupishana sana kwa uzembe. Koti, kofia, dole gumba, mfupa, taipureta. Kilichopishana ni muda. Tawell alikamatwa kesho yake. Müller alikamatwa New York baada ya siku zisizofika hamsini. Ndugu wawili wa Deptford walikuwa mahakamani katika muda wa wiki chache. Christie alikaa miaka kumi tangu mauaji yake ya kwanza, na Shipman miaka 23.

Hao wawili wa mwisho hawakuwashinda wenzao kwa werevu. Walikuwa na heshima, nao waliowashuku hawakuwa nayo. Ushahidi wa jirani mwenye mshumaa ulipokelewa, na wa mwendesha gari la farasi pia. Evans hakupokelewa, na dereva wa teksi alikaa muda mrefu bila kuthubutu kusema. Kosa la muuaji ni kama barua: haisemi kitu mpaka ipate msomaji, na msomaji akubaliwe kuwa anajua kusoma.

Kwa hiyo hatuzikatai methali za wahenga, ila tunadhani zinatudai kazi. Siku za mwizi ni arobaini pale tu penye watu wanaohesabu, na palipo na sikio la kuwasikiliza wahesabuji hao, awe mama wa jirani, mpangaji mgeni au dereva wa teksi. Pasipo sikio hilo, arobaini hugeuka miaka, na kila siku inayoongezeka ina jina la mtu aliyekuwa bado hai jana yake.